Ukosi wa Mahameli

Mikono ya Ambiyo ilipendwa na kuogopwa na wanawake wa Kitengela kwa pamoja. Mchana waliiona ikipima madira na mitandio katika duka lake dogo kando ya barabara ya Namanga, ikikunja vitambaa upesi bila yeye hata kuvitazama. Lakini kila mmoja wao alijua kwamba siku yake ikifika, mikono hiyo hiyo ndiyo itakayomgeuza ubavu wa kulia na kummwagia maji. Kulikuwa na mama mmoja, mteja wa miaka mingi, ambaye hakutaka kuguswa kidole anapopokea chenji. "Usinizoee," alikuwa akimwambia Ambiyo kwa mzaha, ila macho yake hayakucheka.

Kazi ya kuosha maiti hakuitafuta. Alikuja Kitengela kutoka Wajir akiwa mke mchanga wa Sahal, dereva wa malori ya mifugo. Siku hizo Waislamu wa mji huo walikuwa wachache, na wanawake waliojua kuosha walikuwa wachache zaidi. Mkubwa wao alikuwa Eedo Batula, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. Kila mtu alimwita eedo, yaani shangazi, ingawa hakuwa na ndugu hata mmoja pale mjini. Siku moja Batula alikosa msaidizi, akaingia dukani, akamshika Ambiyo mkono.

"Njoo unishikie ndoo tu," akasema.

Ambiyo akaenda kushika ndoo. Miaka ikapita, akawa bado ameishika.

Batula alimfundisha kuchemsha majani ya mkunazi, kuweka kafuri katika maji ya mwisho, kusuka nywele za marehemu misokoto mitatu na kuilaza nyuma. Alimfundisha pia kuvilegeza viungo mapema, kuukunja mkono na kuunyoosha, kuukunja tena na kuunyoosha, kabla mwili haujakaza. "Ukishaanza kukaza," alisema, "unakuwa kama mlango wa mbao wakati wa mvua. Usiulazimishe. Ubembeleze." Na juu ya yote alimfundisha kunyamaza. "Ulichokiona juu ya ubao kinabaki juu ya ubao. Kovu, doa, uvimbe, chochote. Maiti hawezi kujifunika. Wewe ndiwe nguo yake."

Ambiyo alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika funguo za nyumba ya mwenzake.

Kisha akafa mama yake.

Mama yake, Hibaq, aliishi na ugonjwa wa sukari muda mrefu, nao ukamla kidogo kidogo: kwanza macho, kisha figo, mwisho pumzi. Aliletwa Kitengela kuuguzwa, na hata katika udhaifu wake hakukubali kuogeshwa na mtu. Alijifungia bafuni na ndoo yake, akatoka amejifunika mpaka kidevuni. Alifariki wakati wa kiangazi, siku ambayo upepo wa mbugani ulivuma tangu asubuhi na kupiga mabati kana kwamba kuna watu wanatembea juu ya paa. Wanawake walimshauri Ambiyo akae nje, awaachie wengine. Alikataa.

Alipokiinua kichwa cha mama yake ili amwage maji nyuma, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona maisha yake yote. Nyuma ya shingo, kutoka sikio moja hadi la pili, ulipita mkanda mweusi, mweusi kuliko ngozi yenyewe, wenye mikunjo midogo midogo. Alidhani ni uchafu. Aibu ikamshika: mama yangu amekaa na uchafu huu nikiwa nyumba moja naye? Akapaka sabuni, akasugua. Akasugua tena. Chini ya kidole ule mkanda ulikuwa laini kupita inavyopaswa ngozi kuwa, kama ukosi wa mahameli ulioshonwa juu ya shingo na fundi asiyeonekana.

Batula akamshika kifundo cha mkono.

"Haitoki," akasema taratibu. "Acha."

Ambiyo akamtazama. Batula alikuwa amekwisha kuinamisha macho, na jinsi alivyoyainamisha ilionyesha kwamba hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kuona kitu kile. Lakini hakusema, na Ambiyo hakuuliza. Wakamvika Hibaq sanda, ukosi ukafunikwa pamoja na vingine vyote, wakamaliza.

Mwaka uliofuata alikufa Deka.

Deka alikuwa binamu yake, binti wa mama yake mdogo Kaltuma. Aliuza maziwa na vyakula pale Kisaju, mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye hakuwa amefikisha hata miaka arobaini. Mama yake, Kaltuma, ndiye mgonjwa wa sukari. Ugonjwa huo ulikuwa umemzima macho yote mawili. Deka mwenyewe hakuwa na ugonjwa wowote uliojulikana. Alikuwa akifunga mlango wa duka jioni, akasema, "Ngoja kidogo," kama mtu anayeitwa, akaketi chini, na hakuinuka tena.

Siku hiyo Ambiyo alifika chumba cha kuoshea kabla ya Batula. Alifunga mlango, akasema bismillahi, akaufunua mtandio wa Deka ili azifungue nywele. Ukosi wa mahameli ulikuwa pale. Mahali pale pale, upana ule ule, mikunjo ile ile. Kwa muda Ambiyo hakuwa na hakika ni nani aliyelala mbele yake. Ilikuwa kana kwamba mama yake ameinuka kaburini, akavua vazi lake la shingoni na kumvika mwingine.

Alijikaza. Akaushika mkono wa Deka kuulegeza, akaukunja, akaunyoosha. Alipotaka kuuachia, vidole vya Deka vikarudi pole pole na kujikunja juu ya kidole chake. Ambiyo alijua kwamba misuli ya maiti hufanya hivyo. Alikuwa ameiona mara nyingi. Hata hivyo alisimama pale ameshikwa, akisikiliza maji yakidondoka kutoka kwenye mfereji, mpaka Batula akaingia na kuvifungua vile vidole kimoja kimoja.

"Eedo," Ambiyo akanong'ona, "na huyu pia."

"Nimeona."

"Hakuwa na sukari huyu."

"Ambiyo, kunja hiyo taulo."

Tangu siku hiyo kitu kikahama ndani ya Ambiyo. Waswahili husema mwosha huoshwa, na Ambiyo alikuwa amelisikia neno hilo likisemwa dukani kwake kwa kicheko mara nyingi. Sasa lilimjia kama hukumu yenye jina lake. Msikitini, wanawake walipovua mitandio kutawadha, macho yake yaliruka usoni na kutua shingoni. Shingo nyingi zilikuwa safi. Lakini mara moja moja ilitokea moja yenye kile kivuli, na mwenye shingo anacheka, anajimwagia maji, anamsalimia, hajui. Ambiyo aliitikia salamu akiwa ameshamwona juu ya ubao. Alianza kufika msikitini akiwa ametawadhia nyumbani.

Shingo moja tu hakuwa ameitazama. Hakuna mtu anayeweza kuiona shingo yake kwa nyuma.

Binti yake Ifrah alikuja likizo kutoka chuoni Nairobi. Alasiri moja walikaa mlangoni, Ambiyo kwenye kigoda na Ifrah nyuma yake akimsuka. Mikono ya Ifrah ikasimama.

"Mama, hapa nyuma uko na uchafu. Kwani siku hizi unaoga passport, uso tu?"

Kisha akachukua kitambaa kibichi, akapangusa. Ambiyo alisikia kitambaa kikienda na kurudi, kikienda na kurudi, kila mara kikikaza zaidi. Alijua neno litakalofuata kabla halijatamkwa.

"Haitoki," Ifrah akasema.

Ambiyo akasimama, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama. Akaingia chumbani, akashika kioo kimoja mbele na kingine nyuma, akakizungusha mpaka akauona. Haukuwa mweusi kama wa mama yake. Lakini ulikuwa umekwisha kuanza, umejipanga sikio hadi sikio. Akarudi mlangoni, akamwambia Ifrah, "Geuka."

"Nini tena?"

"Geuka tu."

Kwenye shingo ya msichana wake kulikuwa na kijivu hafifu, kama kivuli cha mkono uliopumzika hapo kidogo kisha ukaondoka.

Moyoni Ambiyo alikwisha kujijibu. Ile alama ilitoka kwa maiti. Aliisugua mwenyewe kwa mikono yake, ikaingia kwenye maji, maji yakaingia kwake, na yeye akarudi nyumbani akamshika mwanawe nywele. Tangu siku hiyo hakumgusa tena Ifrah. Alinawa mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Alikula peke yake na sahani yake akaitenga. Sahal aliporudi safarini na kumuuliza kulikoni, alijibu ni mafua. Kwa Batula alituma habari moja tu: sitaosha tena, tafuta mwingine.

Batula alimfuata dukani. "Unaogopa nini?"

"Eedo, wewe unaijua ile alama. Umeiona kwa wengi. Inatoka wapi?"

Batula alitazama barabarani, ambako lori la maji lilikuwa likipita na kumwaga njiani. "Mimi naosha tu. Sikusomea mahali inapotoka."

"Niwaambie ndugu zangu?"

"Uwaambie nini? Kwamba Hibaq alikuwa na nini? Deka alikuwa na nini?" Sauti yake ikashuka. "Wewe ndiwe nguo yao, Ambiyo. Nguo haisemi."

Aliyemtoa Ambiyo katika hali ile alikuwa jirani yake wa biashara, Florence, muuza viatu, mwanamke mchapakazi kutoka Murang'a ambaye baba yake alikatwa mguu kwa ajili ya sukari. Asubuhi moja alivuka na kiti chake cha plastiki akakaa mbele ya duka la Ambiyo.

"Mama Ifrah, Alhamisi funga duka twende Kajiado. Kuna kliniki wanaangalia watoto na ndugu za watu wako na sukari."

"Mimi siumwi."

"Hata mimi. Wanasema usingoje kuumwa. Njoo ukiwa sawa. Hasa ukiwa sawa."

Walikwenda. Njiani, baada ya Isinya, mbuga ilikuwa nyeupe kwa ukame na vumbi lilisimama mahali mahali katika nguzo nyembamba, likatembea, likaketi. Ambiyo alizitazama zile nguzo mpaka wakafika.

Aliyewapokea alikuwa tabibu kijana aitwaye Beverlyne, mpole, mwenye miwani. Alimpima Ambiyo kiuno, presha, akamtoa damu. Kisha akasema, "Mama, naomba uteremshe mtandio kidogo, nyuma hapo."

Ambiyo akateremsha. Vidole vya Beverlyne vikagusa pale pale, na vikapita kutoka sikio hadi sikio, taratibu, kama vilivyopita vya Ambiyo mwenyewe juu ya wale wawili. Hakuwa amewahi kufikiria kwamba kuna mtu anaweza kupapasa mahali hapo pa mtu aliye hai.

"Umejuaje?" akauliza. "Umejuaje kutafuta hapo?"

"Wakati mwingine shingo inasema kabla ya damu," Beverlyne akajibu. "Nani nyumbani ana sukari?"

"Mama yangu. Alikuwa nayo. Na dada yake."

Beverlyne akavuta kiti, akaketi karibu. Alieleza kwamba nyuma ya tumbo kuna kiungo kinachoitwa kongosho, nacho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuufungulia mwili mlango sukari iingie. Katika baadhi ya familia, mwili huanza kuwa kiziwi kwa wito wa insulini miaka mingi kabla ya ugonjwa. Kongosho nalo halichoki haraka; linaita kwa nguvu zaidi na zaidi. Sukari kwenye damu inaonekana ya kawaida, na mtu anajiona mzima. "Lakini ngozi ya shingo inasikia ule ukelele wote. Inanenepa, inakuwa nyeusi, inakuwa laini."

"Kwa hivyo niko na sukari?"

"Hapana. Huna. Yako iko juu kidogo tu. Mafuta ya damu ndiyo yamepanda, na presha imeanza kupanda."

Ambiyo akayatazama mapasuko ya vidole vyake. "Hii alama inahama? Kwa maji? Kwa mikono?"

"Haihami kwa maji, mama. Inahama kwa kuzaliwa, na kwa sufuria tunayopikia pamoja."

Ambiyo akafunga macho. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alitamani kumshika Ifrah kichwa.

Halafu, ili wautazame moyo wake, wakamwingiza katika chumba chenye pazia zito. Dada mmoja aliyevaa koti la kijani alimlaza ubavu, wa kushoto, na Ambiyo aliyezoea kuwalaza wengine ubavu wa kulia akajikuta analala kama alivyoambiwa, mkono juu ya kichwa. Akapakwa kifuani kitu baridi kama maji ya alfajiri. Mbele yake kioo kikawaka kijivu, na ndani yake kikaonekana kitu kikifunguka na kufumba, kikifunguka na kufumba, kama mdomo wa mtu anayejitahidi kusema nyuma ya dirisha. Yule dada akabonyeza mahali, na sauti ikajaa chumbani.

Ambiyo aliijua sauti ile. Ilikuwa ya jagi la maji likimwagwa juu ya mwili, likinyanyuliwa, likimwagwa tena. Alilala pale akijisikiliza anaoshwa.

Yule dada alipima, akarudia, akapima tena. Alipomaliza alimwita Beverlyne, wakanong'onezana, kisha Beverlyne akaja upande wa uso wake.

"Moyo wako hauna ugonjwa, mama. Unasukuma vizuri. Kitu kimoja tu. Ukishajikunja, unachelewa kulegea. Kidogo sana. Wewe hutausikia."

"Umeanza kukaza," Ambiyo akasema.

"Tunaweza kusema hivyo."

"Mimi nikiwa hai."

Beverlyne alimtazama bila kuelewa. Hakujua mwanamke huyu alikuwa amelegeza mikono ya watu wangapi kabla haijakaza, wala kwamba kati ya mahali pote ambapo ugumu ungeweza kuanzia, Ambiyo hakuwa ameufikiria moyo.

"Na ukikaza unaweza kulegezwa?"

"Ukingoja sana, ni vigumu. Sasa ndio wakati. Utembee kila siku, upunguze uzito, hiyo chai yenu ya sukari nyingi uiache, presha tuiangalie. Siwezi kukuahidi. Lakini huu ndio wakati." Kisha akauliza swali ambalo Ambiyo alikuwa akilingoja kwa hofu. "Nyumbani ni nani mwingine yuko na shingo kama hii?"

Ambiyo alifungua kinywa. Akamwona Hibaq, akamwona Deka, wamelala na macho yamefumbwa, hawawezi kujifunika.

"Nitawaleta walio hai," akasema.

Ijumaa iliyofuata aliwakusanya wanawake wa ukoo nyumbani kwa Kaltuma huko Kisaju. Walikuja binti wawili wa Kaltuma waliobaki, mke wa Abdinoor, kaka yake Ambiyo, na Ifrah. Mlango ulifungwa. Upepo ulikuwa umeshika mabati ukiyatikisa. Walitegemea habari ya posa au ya kifo, kwa sababu Ambiyo hakuwa mtu wa kuita watu bure.

Hakutoa hotuba. Alikaa chini kwenye mkeka, akavua mtandio, akainamisha kichwa. "Tazameni," akasema.

Hakuna aliyesogea isipokuwa Kaltuma, ambaye hakuweza kutazama. Alikuja akipapasa hewa, mkono ukamgusa Ambiyo bega, ukapanda, ukafika ukosini. Vidole vya yule kipofu vikasimama.

"Hibaq," akasema.

Ifrah aliruka kama aliyechomwa. Sauti ya Kaltuma haikuwa ya mtu anayekumbuka. Ilikuwa ya mtu anayemwitikia mwingine aliyeingia chumbani.

"Habaryar, mama mdogo, ni mimi. Ni Ambiyo."

"Najua ni wewe. Lakini hii ni ya Hibaq. Nilikuwa nikimsuka tukiwa wasichana, nikimcheka kwamba hajui kuoga. Alinipiga kofi." Akajishika shingo yake mwenyewe, pole pole. "Na mimi baadaye ikanishika." Kisha uso wake uliozimika ukageukia kule alikosikia pumzi ya Ambiyo. "Wewe ulimwosha Deka wangu."

"Ndiyo, habaryar."

Chumba chote kilingoja. Ambiyo alisikia moyo wake, na safari hii aliusikia kweli kweli, ukijikunja, ukichelewa, ukilegea.

"Usiniambie," Kaltuma akasema. Akageukia wengine. "Vueni mitandio, nyote. Mtazamane."

Wakavua. Walizunguka mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja akiinua nywele za aliye mbele yake, na hapakusikika kitu ila mabati. Mara moja mtu alivuta pumzi. Mara nyingine mtu akasema "Allah" kwa sauti ndogo. Ambiyo alikaa mkekani akiwatazama, akaona ni kama wamepanga foleni ya kwenda ubaoni.

Abdinoor alifika walipokuwa wakinywa chai, akitoka Mashuuru na mbuzi wa kuuza. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye ndevu zilizopakwa hina na skafu ya mistari shingoni isiyotoka jua wala mvua. Ambiyo alimfuata nje.

"Abboowe, kaka yangu, nigeuzie shingo nione."

"Shingo?" Akacheka. "Umekuja kuninunua mnadani?"

"Kuna kitu katika damu yetu. Moyo unakaza polepole na mtu hajui. Twende Kajiado wakupime."

"Mimi natembea na wanyama hawa kutoka Mashuuru, wewe unakaa dukani. Nani kati yetu apimwe?" Akaikaza skafu yake, akampapasa kichwa kama alivyokuwa akifanya walipokuwa watoto. "Walaal, dada yangu, watu wa maiti mmekizoea sana kifo. Mnakiona kila mahali."

Alimsihi mara nyingi baada ya hapo. Kila mara alipata jibu lenye kicheko.

Mvua za masika zilipokwisha, Abdinoor alikwenda mnada wa mifugo kama kawaida. Alionekana ameegemea ua, mikono juu ya mti, akitazama mbuzi wake. Mnunuzi mmoja alimjia akasema bei. Abdinoor hakujibu. Mnunuzi akapandisha. Abdinoor akakaa kimya, anatazama tu, na mnunuzi, akidhani ni ukaidi wa mfanyabiashara, akapandisha tena na tena, mpaka akakasirika na kumshika bega. Ndipo alipojua alikuwa akipatana na nani.

Waliomwosha ni wanaume, na Sahal alikuwa mmoja wao. Aliporudi nyumbani mikono ikinuka kafuri, Ambiyo alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulimwinua kichwa?"

Sahal akavua viatu.

"Sahal. Shingo yake ilikuwaje?"

Mumewe alimtazama kwa huzuni kubwa. "Ambiyo, wewe mwenyewe unajua siwezi kusema."

Alijua. Akampisha apite. Alijifungia jikoni akalia kwa mara ya kwanza tangu taarifa ilipokuja, akimlilia kaka yake na huku akimchukia mumewe kwa uaminifu ambao yeye mwenyewe aliuishi.

Lakini matanga yalipokwisha, Sahal hakurudi kwenye lori. Alikwenda nyumbani kwa marehemu asubuhi, akawatoa wanawe wawili, vijana wakubwa wenye ndevu zinazoanza. Walipouliza wanakwenda wapi alisema, "Kajiado," na hakuongeza neno. Mmoja wao alirudi akicheka. Wa pili alirudi kimya, akamwambia mama yake kwamba hatakunywa tena soda.

Baada ya hayo Batula alituma kumwita Ambiyo. Kulikuwa na maiti ya bibi mmoja na mikono ya Batula ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Nilisikia ulivua mtandio kule Kisaju," alimwambia mlangoni mwa chumba cha kuoshea.

"Nilivua wangu. Sikuvua wa mtu."

Batula alifikiri, akatikisa kichwa kukubali, akampa jagi. Ambiyo akaingia. Alirudia kazi hiyo na anaifanya mpaka leo, ila sasa kuna jambo moja ameliongeza. Akishamaliza, akiwa ameficha anachopaswa kuficha, huwatafuta binti na dada za marehemu na kuwaambia, "Poleni. Mkitoka matangani, nendeni mkapimwe." Wengine huuliza kwa nini. Huwaambia kwamba ni vizuri tu.

Kajiado alirudi. Beverlyne aliusikiliza tena ule moyo kwenye kioo akasema haujaongeza kuchelewa, na mafuta yameshuka. Haukuwa umepona. Ulikuwa umesimama pale pale, na hiyo, kwa maneno ya Beverlyne, si habari ndogo. Shingo ya Ifrah nayo ilianza kung'aa baada ya mwaka mmoja wa kula vizuri, ingawa jua likimpiga kwa upande fulani Ambiyo huona kile kivuli bado kipo, kinangoja.

Siku hizi wanatembea. Kila asubuhi wakitoka swala ya alfajiri na kukiwa kumepambazuka, Ambiyo, Ifrah anapokuwa likizo, binti wawili wa Kaltuma na mjane wa Abdinoor hukutana Kisaju na kuingia mbugani kwa njia ya ng'ombe. Njia ni nyembamba, hivyo huenda mmoja nyuma ya mwingine, wote wamevaa majilbabu meusi, na asubuhi za Julai ukungu huwafika magotini.

Asubuhi moja walikutana na mchungaji mmoja mzee, Mmaasai, akipeleka ng'ombe majini. Aliwaona kwa mbali wakitokeza katika ukungu ule, akasimamisha wanyama wake.

"Takwenya," akamsalimia Ambiyo aliyekuwa mbele.

"Iko," Ambiyo akaitikia.

Mchungaji akatazama nyuma yake, akitafuta walichobeba. "Mnazika nani?"

"Hakuna. Tunatembea tu."

Ifrah akaziba mdomo asicheke. Lakini yule mzee hakucheka, wala hakuonekana kusadiki. Alivua kofia yake, akawasukuma ng'ombe pembeni mwa njia, akasimama ameinamisha kichwa mpaka wa mwisho wao akapita. Ambiyo hakugeuka nyuma. Aliongeza mwendo, na wengine wakamfuata.